Tuulize Tukujibu: Mji Mkongwe wa Bagamoyo, Milango Yake na Mafundi Wake

Barua za mwezi huu zimeelekea upande mmoja kama mashua zilizopata kusi. Karibu zote zinauliza Bagamoyo: namna ya kufika, kitu cha kutazama, kitu cha kununua, na kitu cha kuacha. Tumechagua nane. Zilizofanana tumeziunganisha.

Wahariri, salaam. Sisi ni akina mama kumi na wawili wa kikundi cha kuweka na kukopa. Tunataka kwenda kutembea Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Mwenye gari la kukodi anasema tutatoka Tanga alfajiri na usiku huohuo tutalala majumbani kwetu. Anasema kweli? — Msomaji, Ngamiani, Tanga

Gari litaweza, mama zetu. Miguu yenu ndiyo haitaweza. Kutoka Tanga mnapita Segera, mnashuka hadi Msata, hapo mnaacha barabara ya Chalinze na kukata kushoto kilomita 64 za lami mpaka Bagamoyo. Safari nzima ni takriban kilomita 270. Kwa mwendo halali, pamoja na kusimama kunywa chai na kujisaidia, hesabuni saa tano hadi sita. Kwenda na kurudi ni siku nzima kwenye kiti, na saa chache zitakazobaki zitaangukia adhuhuri, saa mbaya kuliko zote kwa mji ule: jua utosini, milango imefungwa, mafundi wamelala chini ya mwembe, picha zote zinatoka nyeupe pe.

Laleni usiku mmoja. Tokeni Tanga saa moja asubuhi, mfike saa sita au saa saba, mle, mpumzike, mtoke nje saa kumi jioni. Siku ya pili anzeni saa moja asubuhi, mmalize saa tano, saa saba mko barabarani. Kwa hesabu hiyo mnapata vipindi viwili vya jua la pembeni, na gharama inayoongezeka ni ya malazi tu.

Mkienda kwa basi, ulizeni kabla ya kukata tiketi kama linapita Bagamoyo au Chalinze. Yapo yanayopita Bagamoyo kuelekea Dar es Salaam. Likiwa la Chalinze, shukeni Msata na kuchukua gari dogo, lakini msifike Msata baada ya saa kumi na moja jioni. Jua likianza kuzama magari ya kwenda Bagamoyo hupungua na bei hupanda. Barabara ya pwani ya Pangani na Saadani inajengwa lami kwa awamu. Msiitegemee wakati wa masika bila kuuliza mtu aliyepita wiki hiyohiyo.

Mkishafika, anzieni Caravanserai, palipokuwa pakifikia misafara ya wapagazi kutoka bara. Pana makumbusho madogo, na hapo ndipo mtakapoulizia mwongozaji mwenye kitambulisho. Kisha nendeni Ngome Kongwe, jengo la mawe lililojengwa karibu mwaka 1860 kama nyumba ya tajiri wa Kiarabu, baadaye likawa kambi na kituo cha polisi. Kutoka hapo tembeeni Mtaa wa India wote kwa mguu: nyumba za wafanyabiashara, posta ya zamani ya Wajerumani, vibanda vya wachoraji. Teremkeni forodhani na soko la samaki, mpande tena hadi Boma la Wajerumani la mwaka 1897. Yote haya yamekaa karibu karibu, na kwa mwendo wa kusimama na kuuliza yanachukua saa mbili na nusu hadi tatu.

Misheni ya Wakatoliki iko kama kilomita mbili kaskazini, magofu ya Kaole kama kilomita tano kusini. Huko nendeni kwa bajaji au kwa gari lenu. Msitembee ufukweni kwenda Kaole, hata mkiambiwa ni karibu. Ni mahali pa upweke, na watu wamewahi kuporwa.

Maeneo ya serikali hulipiwa kwa namba ya malipo kupitia simu au wakala, kwa hiyo hakikisheni simu ya kiongozi wenu ina salio. Bebeni vitambulisho vya taifa, kwa kuwa kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni na mlango hauamini lafudhi. Makumbusho ya Misheni ni ya Kanisa na kiingilio chake hulipwa peke yake. Mwongozaji patana naye bei kabla ya kupiga hatua ya kwanza, na mseme bei ni ya kundi zima au ya kichwa kimoja. Ugomvi mwingi wa Bagamoyo huanzia kwenye sentensi hiyo ambayo haikusemwa.

Mimi ni mwalimu wa historia. Nitawapeleka wanafunzi thelathini. Mwaka jana tulitembezwa na kila mlango tukaambiwa "huu ni wa Kiarabu, huu ni wa Kihindi", basi. Niwaonyeshe nini wajifunze kusoma nyumba wenyewe? — Mwalimu, Muheza

Mwalimu, wagawe watano watano na kila kundi lipewe mlango mmoja. Mlango mmoja ukitazamwa nusu saa unafundisha kuliko milango ishirini iliyopitwa.

Waanze na viungo vyake. Pembeni kuna miimo miwili. Juu kuna kizingiti cha juu, ambacho mara nyingi ndicho kilichochongwa kuliko sehemu zote. Chini kuna kizingiti cha chini kinachokanyagwa na kulika. Kati ya vipande viwili vya mlango umesimama mfaa, ule mti wa nakshi unaoziba mwanya. Waulize: mfaa umepigiliwa kwenye kipande kipi? Mfaa huo unakilalia kipande cha pili, kwa hiyo vipande havifunguliwi ovyo: kipo cha kwanza na kipo cha mwisho. Mwanafunzi akishaelewa hilo ameelewa kuwa nakshi ile ina kazi, si urembo mtupu.

Kisha watazame umbo la juu. Kwa ujumla, milango ya namna ya zamani zaidi ina kizingiti kilichonyooka, mara nyingine kikiwa na maandishi ya Kiarabu. Ule mviringo wa nusu duara juu ya mlango ulienea baadaye, mwishoni mwa karne ya 19, pamoja na mafundi na mitindo ya Bara Hindi. Misumari mikubwa ya shaba nayo asili yake ni huko. Wataambiwa iliwekwa kuzuia tembo wasivunje milango. Kwa Bagamoyo hadithi hiyo waicheke kidogo: tembo walioingia mji huu waliingia wakiwa pembe, mabegani mwa wapagazi.

Nakshi zenyewe ni samaki, mtende, yungiyungi, mawimbi, na mnyororo ukizunguka fremu. Hapa mwalimu uwe na ulimi wa tahadhari. Waongozaji wengi husema mnyororo maana yake mwenye nyumba aliuza watumwa. Wengine husema ni ulinzi wa nyumba, samaki ni uzazi, mtende ni neema. Hizo ni tafsiri za watu na zinapishana. Nakshi moja haitoshi kumhukumu mwenye nyumba. Waandike wanachokiona kwanza, tafsiri baadaye, kila moja kwenye safu yake.

Mkikuta mwaka umechongwa, mara nyingi utakuwa wa Hijria. Zidisha kwa 0.97, kisha jumlisha 622. Mwaka 1310 unatoa 1892 na kitu, yaani kati ya 1892 na 1893. Ni hesabu ya makadirio, yaweza kukosea mwaka mmoja, lakini kwa darasa inatosha, na mwalimu wa hisabati atafurahi.

Halafu waingie ndani, mkiruhusiwa, wapime upana wa chumba kwa hatua. Watashangaa: vyumba vingi ni virefu kama ukumbi lakini upana wake haupiti mita tatu hivi. Sababu iko juu ya vichwa vyao. Dari limebebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko iliyo imara haipatikani ndefu zaidi ya hapo. Msitu wa mikoko ndio uliopima nyumba za matajiri. Ukuta wenyewe ni matumbawe na chokaa, mnene kama nusu mita. Penye kidonda cha plasta wataona matumbawe yakiwa na vitundu vyake kama sifongo.

Nje wasisahau baraza. Wengi huliona kama kiti tu, kumbe ndicho chumba cha wageni cha nyumba ile: mwanamume asiye ndugu hufika hapo, akamaliza shida yake, akaondoka bila kuona ua. Nyumba za Mtaa wa India zimejengwa kwa hesabu nyingine, duka likitazama njia, makazi nyuma au ghorofani. Wapangie nyumba moja ya kila aina na waeleze mgeni angeishia wapi.

Jambo la mwisho ni mwanga. Mitaa mikubwa inafuata pwani, na pwani inatazama mashariki. Milango inayotazama bahari ipitieni asubuhi, inayotazama bara baada ya saa kumi. Nakshi huonekana jua likiwa pembeni. Saa sita zinalala, na mwanafunzi atakuchorea ubao mtupu.

Nimesoma kuwa jina ni "Bwagamoyo", na kwamba watumwa ndio waliolitunga kwa kukata tamaa. Mzee mmoja hapa kwetu anakataa kabisa. Nani mkweli? — Msomaji, Pangani

Mzee wako ana hoja. Maneno "bwaga moyo" yanakubali maana mbili: utue moyo, upumzike, au uuache moyo wako hapa kwa kuwa hutarudi. Maana ya pili ndiyo inayopendwa na mabango, kwa sababu inaliza.

Hata hivyo Bagamoyo ya karne ya 19 iliendeshwa zaidi na pembe za ndovu na wapagazi. Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi waliobeba kwa ujira, wakitembea miezi kadhaa kutoka Tabora na Ujiji. Kwao kuiona bahari ilikuwa ni kutua mzigo, kulipwa na kulala. Bandari kubwa ya kusafirishia watumwa kwenye mwambao huu ilikuwa Kilwa. Hilo halimaanishi Bagamoyo ilikuwa safi. Watumwa walipita, waliuzwa, wengine walifanya kazi mashambani na majumbani hapahapa. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika mwaka 1868 walianzisha kijiji kwa ajili ya waliokombolewa, na mkienda Misheni mtakuta makumbusho yanayoeleza habari hizo vizuri. Kwenye mnara wa kanisa la zamani hapo ndipo mwili wa David Livingstone ulipolazwa Februari 1874, baada ya kubebwa na wasaidizi wake, akina Susi na Chuma, kutoka Zambia ya leo kwa miezi mingi. Hao nao walikuwa watu wa msafara.

Mji huohuo ulimtoa Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kama Sheikh Ramiya na kufariki mwaka 1931. Aliletwa pwani akiwa mtumwa kutoka upande wa Kongo, akasoma, akawa kiongozi mkubwa wa tarika ya Kadiria. Kwa hiyo mwongozaji akikupa maana moja tu ya jina, muulize ya pili. Akiijua, ongeza bakhshishi.

Nataka kununua picha ya tingatinga, ngoma moja na kinyago cha mpingo. Nitajuaje sijauziwa takataka? Pia nimeonyeshwa kipande cha mlango wa zamani, "bei ya ndugu". — Msomaji, Chumbageni, Tanga

Tuanze na la mwisho maana litakufikisha mahakamani: kiache. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake, inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Kuuza au kutoa nje ya nchi bila kibali ni kosa, na undugu wa bei hautakusaidia. Ukipenda nakshi, agiza mlango mpya. Mafundi wa kuchonga wapo hapohapo mjini, na utaondoka na risiti. Ukionyeshwa bangili la gamba la kasa, lipite vilevile.

Tingatinga ni jina la mtu, Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki 1972. Alitumia rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli, juu ya hadibodi za mraba za kama sentimita 60. Leo wengi huchora juu ya kitambaa, lakini rangi ni ileile, na matatizo yake ni yaleyale. Hukauka juu haraka na ndani polepole. Bonyeza kidole gumba kwenye pembe isiyo na mchoro: kikiacha alama, picha haijaiva, hata kama inang'aa. Mwambie fundi akuwekee, uje kesho. Ukilazimika kusafiri nayo, tandaza nailoni safi juu ya rangi, usiweke gazeti, kwa kuwa wino wake hung'ang'ania hapo daima. Izungushe kwenye bomba nene kama mkono wako, rangi ikiwa upande wa nje. Ukiikunja rangi ikiwa ndani, siku utakayoifungua itakunjana na kupasuka mistari. Usiiache kwenye gari juani.

Kutofautisha kazi na haraka, tazama ukingo wa vitone na nywele za mnyama. Mchoraji mzuri husubiri tabaka la chini likauke kabla ya kuweka la juu, kwa hiyo nyeusi haivuji ndani ya njano. Ukikuta simba huyohuyo, mti huohuo na mwezi huohuo katika vibanda vitano, hiyo ni picha ya kunakili. Si dhambi kuinunua, lakini usiilipie bei ya picha iliyowazwa.

Mpingo wa kweli huzama majini. Tazama chini ya kinyago mahali palipokatwa: utaona kiini cheusi au cha zambarau iliyokolea, na mara nyingine ukanda mweupe wa nje. Ukikuta weusi mtupu usio na mistari ya mbao, lowesha kitambaa cheupe kwa mafuta ya taa kidogo usugue hapo. Kitambaa kikitoka cheusi sana, umeshika mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu. Hata mpingo halisi hupasuka kama gogo lilichongwa bichi na kisha kinyago kikapelekwa mahali pakavu. Kiweke mbali na jua na feni kwa wiki chache za mwanzo, ukipanguse kwa mafuta kidogo.

Ngoma ndiyo inayoharibika kwa wingi, na mara nyingi mkosaji ni mnunuzi. Iinue kwanza. Ikiwa nzito kupita umbo lake, mti bado una maji. Chungulia ndani kwa tochi ya simu kutafuta ufa, na utazame chini kama pana vitundu vinavyotoa unga, maana hao ni wadudu na watahamia kwenye kabati lako. Pitisha kiganja kwenye ukingo wa ngozi: iwe imevutwa sawa pande zote, vigingi visilegee. Piga katikati, kisha pembeni; sauti mbili zitofautiane waziwazi.

Ngozi hunywa unyevu wa pwani. Wakati wa masika ngoma nzuri kabisa itatoa sauti ya debe lililolowa, na mtu husema ameibiwa. Hajaibiwa, hajaikanga. Washa moto mdogo wa majani makavu au makumbi ya nazi, weka ngoma umbali wa mkono ulionyooshwa, uigeuzegeuze huku unagonga kila baada ya muda mfupi. Sauti ikipanda, toa. Ukiisogeza karibu ili kuharakisha, ngozi hukauka upande mmoja na kuchanika kwenye vigingi, na hapo hakuna dawa ila kuwamba upya.

Kuhusu bei, muulize fundi kazi imemchukua siku ngapi na vifaa vimemgharimu nini, kisha muongee. Ukimnunua kwa nusu ya siku zake, mwezi ujao atachora simba wa kunakili.

Nina nyumba ya urithi Dunda, ukuta wa matumbawe. Miaka mitatu iliyopita fundi alinipigia plasta ya saruji nje na ndani, ikapendeza. Sasa inabanduka vipande vikubwa na ukuta unatoa chumvi nyeupe. Nilaumu saruji mbovu? — Msomaji, Bagamoyo

Saruji yako huenda ilikuwa nzuri, na hapo ndipo ulipo ubaya. Ukuta wa matumbawe hupandisha maji kutoka ardhini na hubeba chumvi ya bahari tangu siku ulipojengwa. Chokaa huyaacha maji hayo yatoke nje kama jasho. Saruji huyafungia. Maji yakikosa njia hupanda juu zaidi, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, hukauka, hutanuka na kuisukuma. Plasta hubanduka na kuondoka na ngozi ya jiwe. Ukiongeza saruji juu ya saruji, unaharakisha. Ubaya mkubwa zaidi unakuja pale maji yanapofikia vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani: vinaoza kimyakimya, na dari hushuka siku moja ya mvua.

Kwanza pata ruhusa ya ofisi ya malikale na halmashauri, kwa kuwa nyumba za Mji Mkongwe zinalindwa. Kisha bandua saruji kwa tindo na nyundo ndogo, kidogo kidogo, ukianzia sehemu ambazo tayari zina uwazi nyuma. Ukigonga na kusikia mvumo, anzia hapo. Iliyoshika sana usiing'oe kwa nguvu, utaondoka na jiwe. Piga brashi kavu kuondoa chumvi na uache ukuta upumue msimu mmoja wa kiangazi. Tazama paa wakati huo. Paa likivuja, kazi yote ya ukutani ni bure.

Plasta mpya iwe sehemu moja ya chokaa iliyozimwa na kulowekwa wiki kadhaa, kwa sehemu tatu za mchanga mkali uliooshwa. Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi ileile unayoikimbia. Lowesha ukuta, piga tabaka lisilozidi sentimita moja, ulifunike kwa magunia yenye unyevu siku kadhaa lisipigwe na jua. Likishika vizuri, baada ya wiki moja au zaidi, ndipo upige la pili. Malizia kwa chokaa nyepesi kama maziwa, mikono mitatu hadi mitano, na usipake rangi ya plastiki juu yake, maana hiyo ni nailoni kwa jina lingine. Fundi atataka kuongeza koleo moja la saruji "ishike haraka". Mkatalie hata akinuna. Plasta uianze Juni, mvua za masika zikishakatika, uimalize kabla ya vuli.

Ngoma za asili zinaonekana wapi, na lini? Nina siku mbili tu. — Msomaji, Korogwe

Nenda lango la TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, upande wa kusini wa mji karibu na bahari, uulize ratiba ya wiki hiyo. Huko wanafundisha ngoma, maigizo, muziki, uchoraji, uchongaji na sarakasi, na kwa kawaida siku za kazi utasikia mazoezi hata kama hakuna onyesho. Tamasha lake kubwa la mwaka huangukia miezi ya mwisho ya mwaka, lakini tarehe huhama, na vyumba vya kulala huisha mapema. Likizo za wanafunzi chuo huwa kimya.

Ukitaka muziki wa Kigogo, Bagamoyo ni mahali pake ingawa Dodoma iko mbali. Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba na zeze aliyefariki mwaka 2003, aliishi na kufundisha hapa, na ukoo wake umeendelea kupiga. Uliza kwa heshima, ulipie onyesho. Usitoe simu kurekodi mpaka uambiwe sawa. Wimbo ni mali ya mtu kama kinyago.

Watoto wanaweza kuogelea? — Msomaji, Tanga

Wanaweza maji yakijaa, wakisimamiwa. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kama saa kumi jioni na kupwa kama saa nne asubuhi, kisha kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Maji yakipwa utatembea mbali sana juu ya tope kabla ya kulowa magoti. Bahari si nyeupe kama ya Unguja kwa sababu Mto Ruvu humwaga matope yake kaskazini ya mji. Watoto waburute miguu badala ya kukanyaga, ili taa aliyejifukia mchangani aondoke kabla hajakanyagwa. Upande wa mdomo wa Ruvu wasisogee kabisa: kuna viboko na mamba.

Maji yakijaa ndipo mashua nyingi husogea karibu, kwa hiyo mtawahi mnada wa samaki pia. Ukinunua fungu, inua matamvua: yawe mekundu, yasinuke. Wakaangaji wako hapohapo, na pweza hutoka jioni.

Nakaa Mji Mkongwe. Wageni wanakaa kwenye baraza letu bila salamu, wanapiga picha watoto na nguo zilizoanikwa. Andikeni kitu. — Msomaji wa kike, Bagamoyo

Tumeandika, dada. Na wanaokuja wasome: baraza lina mwenyewe. Piga hodi, salimia, ngoja uambiwe karibu. Picha ya mtoto huombwa kwa mzazi, si kwa mtoto mwenye pipi mkononi. Mabega na magoti yafunikwe, na mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana. Saa za swala msisimame mlangoni mwa msikiti kupiga picha za nakshi. Anayetaka kukaa barazani kwa raha aende baada ya magharibi, muuza kahawa akishapita na birika lake. Kikombe ni kidogo, kahawa ni chungu, kashata hulipiwa peke yake, na kikombe hurudishwa mkononi mwake, hakiachwi juu ya ukuta.